Namba ya Gini inatoka wapi: kupima pengo la kipato ndani ya nchi

Gini ni kipimo cha pengo la kipato: 0 maana yake wote wana sawa, na kadiri inavyokaribia 1 ndivyo pengo lilivyo kubwa. Ukitafuta Gini ya Marekani utakuta karibu 0.48 kwenye ripoti za ofisi yao ya sensa, na karibu 0.41 kwenye majedwali ya Benki ya Dunia. Nchi ni ileile, miaka ni ileile, na hakuna aliyekosea hesabu. Ofisi ya sensa inahesabu kaya kama kaya, iwe na mtu mmoja au sita, na inachukua kipato cha fedha kabla ya kodi. Benki ya Dunia inagawa kipato cha kaya kwa idadi ya watu waliomo, na inachukua kile kinachobaki baada ya kodi. Tofauti hiyo ya 0.07 ni kubwa kuliko mabadiliko ambayo nchi nyingi huyaona katika miaka kumi, na yote imetokana na maamuzi yaliyofanyika kabla mtu hajagusa kikokotoo.

Kwa hiyo anayetaka kupima pengo la kipato, au kusoma vipimo vya wengine bila kupotoshwa, aanzie kwenye maamuzi hayo. Fomula ni kazi ya mchana mmoja. Kazi ngumu iko kwenye kujua ni kipato gani kinapimwa, cha nani, kwa muda gani, na nani hayumo kabisa kwenye data.

Kipato gani

Ofisi nyingi za takwimu hufuata mwongozo wa Kundi la Canberra, kundi la kimataifa la wataalamu wa takwimu za kipato, uliotoka mwaka 2001 na kutolewa upya mwaka 2011. Kwa mujibu wake unajumlisha mishahara na faida ya kujiajiri, mapato ya mali kama riba, gawio na kodi ya pango, thamani ya huduma ambazo kaya inajipatia yenyewe, na fedha inazopokea bila kutoa kitu: pensheni, ruzuku, msaada wa ndugu. Kisha unatoa kodi za moja kwa moja, michango ya hifadhi ya jamii na fedha ambazo kaya inawatumia wengine. Kinachobaki ndicho kipato cha kutumia, na mara nyingi ndicho unachokitaka. Kipato cha soko, yaani kabla ya kodi na ruzuku, kina kazi yake pia. Ukikokotoa Gini mara mbili, kwa kipato cha soko na kwa kipato cha kutumia, tofauti kati ya namba hizo mbili inakuonyesha serikali imepunguza pengo kwa kiasi gani kupitia kodi na ruzuku.

Kuna sehemu tatu zinazoharibika mara kwa mara. Ya kwanza ni mazao ambayo kaya inalima na kula yenyewe. Yasipothaminishwa, mkulima anaonekana fukara kuliko alivyo na pengo linakuzwa. Ya pili ni nyumba. Mwenye nyumba yake halipi pango, kwa hiyo ana kipato cha ziada ambacho hakipiti mkononi. Hicho hukadiriwa kwa kuangalia nyumba zinazofanana nayo zinapangishwa kwa kiasi gani. Nchi moja ikikiingiza na nyingine ikakiacha, usizilinganishe, hasa mahali ambapo wazee wengi wana nyumba zao lakini pensheni ni ndogo.

Ya tatu ni biashara ndogo, na hapa ndipo hojaji nyingi hufa. Mdadisi anauliza, "Mwezi uliopita ulipata shilingi ngapi kwenye biashara?" Anajibiwa kwa mauzo. Mwingine anajibiwa kwa kile kilichobaki baada ya kununua mzigo. Wa tatu anatajiwa fedha ambayo mwenye biashara aliitoa kwa matumizi ya nyumbani. Majibu matatu yanaandikwa kwenye safu moja kana kwamba ni kitu kimoja. Dawa yake ni kuuliza mauzo peke yake, gharama moja baada ya nyingine (mzigo, usafiri, vibarua, pango, umeme), mzigo uliochukuliwa kwa matumizi ya nyumbani, halafu faida ikokotolewe ofisini. Inaongeza muda wa mahojiano, na ni muda uliotumika vizuri.

Muda wa kumbukumbu nao una uzito. Ukiuliza kipato cha mwezi mmoja, anayevuna mara moja kwa mwaka ataonekana tajiri mwezi huo na hana kitu miezi kumi na moja iliyobaki. Pengo linavimba bila mtu yeyote kuwa maskini zaidi. Kipato cha mwaka mzima kinapunguza tatizo hilo, ila watu husahau. Kwa mazao uliza kwa msimu, kwa mshahara uliza mwezi uliopita na miezi mingapi ya mwaka mtu alifanya kazi.

Kwa sababu ya ugumu wote huu, nchi nyingi za Afrika na Asia ya Kusini hupima matumizi badala ya kipato, wakati Amerika ya Latini hupima zaidi kipato. Matumizi hayapandi na kushuka sana kati ya mwezi na mwezi: aliyekosa hukopa, aliyepata huweka akiba. Na kwa kuwa wenye nacho ndio wanaoweka akiba zaidi, Gini ya matumizi kwa kawaida huwa chini ya Gini ya kipato kwa watu walewale. Hapo ndipo jedwali la kupanga nchi za dunia kwa Gini linapopotosha kuliko jedwali lolote ninalolijua. Nchi inayopima matumizi inapewa sifa ya usawa ambayo sehemu yake imetoka kwenye hojaji. Ukiona jedwali la namna hiyo halina safu inayosema "kipato" au "matumizi", liache.

Kutoka kaya hadi mtu

Data hukusanywa kwa kaya, lakini tunachotaka kujua ni hali ya watu. Chukua kaya ya wazazi wawili na watoto wawili wenye umri chini ya miaka 14, kipato chao 1,000. Ukigawa kwa vichwa, kila mmoja ana 250. Ukigawa kwa kipeuo cha pili cha idadi ya watu, njia inayotumiwa sana na OECD (shirika la ushirikiano wa kiuchumi ambalo wanachama wake wengi ni nchi tajiri), unagawa kwa 2 na kupata 500. Ukitumia skeli iliyorekebishwa ya OECD, ambayo Umoja wa Ulaya unaitumia, mtu mzima wa kwanza ni 1, kila anayefuata mwenye miaka 14 na zaidi ni 0.5, kila mtoto ni 0.3. Jumla ni 2.1, na kipato ni karibu 476.

Sasa weka pembeni yao mtu anayeishi peke yake na kupata 400. Kwa kugawa kwa vichwa, yeye yuko juu ya familia hiyo. Kwa njia nyingine mbili, yuko chini yake. Nafasi za watu zimebadilishana, na Gini hujengwa juu ya nafasi. Mahali ambapo kaya maskini ni kubwa na za matajiri ni ndogo, kugawa kwa vichwa hukuza pengo. Mimi naona kipeuo cha pili kinatosha kwa kazi nyingi kwa sababu hakihitaji umri wa mtu yeyote, ila usibadilishe njia katikati ya mfululizo wa miaka.

Baada ya hapo kuna kosa dogo lenye madhara makubwa. Kila kaya kwenye sampuli ina uzito, yaani idadi ya kaya inazoziwakilisha nchini. Ili kupata mgawanyo wa watu, uzito huo uzidishwe kwa idadi ya watu ndani ya kaya. Ukiusahau, mtu anayeishi peke yake anahesabiwa sawa na kaya ya watu wanane, na kipimo chako kinakuwa cha kaya tena bila wewe kujua.

Bei nazo hazilingani nchi nzima. Pale ambapo pango na chakula cha mjini ni ghali kuliko cha vijijini, sehemu ya pengo la kipato ni pengo la bei tu. Gawanya kipato kwa fahirisi ya bei ya eneo husika. Na kama utafiti ulichukua miezi kumi na miwili wakati wa mfumuko wa bei, rekebisha na mwezi wa mahojiano pia.

Hesabu

Max Lorenz, mwanauchumi wa Marekani, alichora mstari wake mwaka 1905. Corrado Gini wa Italia aliligeuza wazo hilo kuwa namba mwaka 1912. Tuzitumie kaya tano, za mtu mmojammoja ili tusichanganye mambo, zilizopangwa kuanzia ya chini: 10, 20, 30, 40, 100. Jumla ni 200.

Mstari wa Lorenz unauliza: asilimia 20 ya chini ya watu wana asilimia ngapi ya kipato chote? Asilimia 5. Asilimia 40 ya chini wana 15, asilimia 60 wana 30, asilimia 80 wana 50, na wote wana 100. Kama kila mtu angekuwa na kipato sawa, mstari ungekuwa mnyoofu kutoka kona hadi kona. Gini ni sehemu ya pembetatu ya chini iliyomezwa na nafasi kati ya mstari huo mnyoofu na ule uliopinda.

Eneo chini ya mstari uliopinda unalipata kwa trapeza. Kila trapeza ina upana wa 0.2, na wastani wa kimo chake ni 0.025, 0.10, 0.225, 0.40 na 0.75. Jumla ya vimo ni 1.5, zidisha kwa 0.2 upate 0.3. Gini ni 1 − 2 × 0.3, yaani 0.40.

Njia ya mkato, kama hakuna uzito:

G = 2 × jumla ya (nafasi × kipato) ÷ (n × jumla ya kipato) − (n + 1) ÷ n

Nafasi mara kipato: 10 + 40 + 90 + 160 + 500 = 800. Kwa hiyo 1,600 ÷ 1,000 − 1.2 = 0.40. Majibu mawili yamekutana, kama inavyopaswa.

Kwenye lahajedwali, ukiwa na uzito, weka safu mbili: uzito wa watu na kipato kwa mtu. Panga kwa kipato, kutoka chini kwenda juu, na hakikisha safu zote zinasogea pamoja. Kuna wanaochagua safu ya kipato peke yake na kubonyeza kitufe cha kupanga. Uzito unabaki ulipokuwa, kila mtu anapewa uzito wa jirani yake, na programu haitoi onyo lolote la maana. Safu ya tatu iwe jumla limbikizi ya uzito (yaani jumla ya mstari huo na yote iliyoutangulia) gawanya kwa uzito wote, ya nne jumla limbikizi ya (uzito × kipato) gawanya kwa kipato chote. Ya tano ni ongezeko la safu ya tatu kati ya mstari na mstari, mara jumla ya thamani mbili za safu ya nne, ya mstari huo na ya uliotangulia. Gini ni 1 toa jumla ya safu ya tano. Kabla hujaiamini, angalia mambo mawili: mstari wa mwisho wa safu ya tatu na ya nne lazima uwe 1, na safu ya nne isizidi ya tatu popote. Ikizidi, hukupanga sawasawa. Kwa data kubwa zaidi kuna programu za takwimu: vifurushi vya ineq na convey kwenye R, na ineqdeco kwenye Stata, iliyoandikwa na Stephen Jenkins.

Usikokotoe Gini kutoka kwenye majedwali ya makundi bila kusema hivyo. Ukichukua kaya zile nne za chini na kuzipa wastani wao wa 25 kila moja, Gini inashuka kutoka 0.40 hadi 0.30. Makundi yanafuta tofauti zilizo ndani yao, kwa hiyo Gini ya makundi matano daima haizidi ile ya data kamili, na kwa kawaida iko chini yake.

Sampuli ndogo nazo zinabana. Kwa watu n, Gini haiwezi kuzidi (n − 1) ÷ n, kwa hiyo kwa watu watano kilele ni 0.8. Kwa maelfu ya kaya hilo halina uzito, lakini anayekokotoa kwa mikoa kumi akitumia wastani wa kila mkoa alikumbuke.

Kuhusu sifuri na hasi: kipato cha sifuri mara nyingi ni jibu lililokosekana, lifuatilie kwenye hojaji kabla ya kulikubali. Hasara ya biashara au shamba inaleta kipato hasi, na zikiwa nyingi Gini inaweza kupita 1. Kuzigeuza kuwa sifuri ni desturi ya kawaida. Ukifanya hivyo andika ni kaya ngapi ziliguswa.

Gini moja, nchi mbili tofauti

Hapa ndipo ninapotaka msomaji akae kidogo. Chukua nchi ya pili yenye kaya tano pia: 4, 16, 40, 56, 84. Jumla ni 200. Nafasi mara kipato: 4 + 32 + 120 + 224 + 420 = 800. Gini ni 0.40, sawasawa na ile ya kwanza.

Lakini maskini wa nchi ya kwanza ana 10, wa nchi ya pili ana 4. Asilimia 20 ya juu ukiigawa kwa asilimia 20 ya chini, kipimo ambacho Umoja wa Ulaya hukitangaza kila mwaka, unapata 10 kwa nchi ya kwanza na 21 kwa ya pili. Mistari yao ya Lorenz inakatana, na ikikatana Gini haiwezi kukuambia ni ipi yenye pengo kubwa. Jibu linategemea unamjali nani.

Mwanauchumi Anthony Atkinson aliliweka wazi jambo hili mwaka 1970. Kipimo chake kinakulazimisha utamke, kwa namba, uzito unaowapa walio chini. Namba hiyo huitwa epsiloni, na wengi hutumia kati ya 0.5 na 2. Ikiwa 1, hesabu ni nyepesi: 1 toa wastani wa kijiometri (zidisha vipato vyote, kisha chukua kipeuo cha idadi yao, hapa cha tano) gawanya kwa wastani wa kawaida. Nchi ya kwanza inapata 0.25, ya pili 0.35. Tafsiri yake inaeleweka hata na asiyejua takwimu: kwa mtazamo huo, nchi ya pili ingeweza kupoteza asilimia 35 ya kipato chake na kubaki na ustawi uleule, kama kilichobaki kingegawanywa sawa. Nakipenda kipimo hiki kwa sababu hakifichi maadili ya mpimaji. Gini nayo ina maadili ndani yake, ila hayatamkwi. Athari ya kuhamisha fedha kutoka kwa tajiri kwenda kwa maskini, kwa Gini, inategemea ni watu wangapi wako katikati yao, si umaskini wa anayepokea. Na kwa kuwa watu wengi wamesongamana katikati ya mgawanyo, Gini husikia zaidi mabadiliko ya katikati kuliko ya kwenye ncha.

Mwanauchumi Gabriel Palma aliona mwaka 2011 kwamba, nchi baada ya nchi, asilimia 50 ya katikati (watu wakigawanywa mafungu kumi kuanzia chini, fungu la tano hadi la tisa) huchukua karibu nusu ya kipato. Mvutano uko kati ya asilimia 10 ya juu na asilimia 40 ya chini. Kutokana na hapo ukazaliwa uwiano wa Palma: sehemu ya kipato ya asilimia 10 ya juu, gawanya kwa sehemu ya asilimia 40 ya chini. Wa juu wakiwa na asilimia 32 na wa chini 16, Palma ni 2. Ukiandika ripoti kwa watu wasio wanatakwimu, anza na huu. Gini iwekwe pembeni yake.

Wasiofungua mlango

Utafiti wa kaya 10,000 unatarajia kukutana na kaya 10 tu za ile asilimia 0.1 ya juu. Kati ya hizo kumi, baadhi zina geti ambalo mdadisi halipiti, na zinazojibu hutaja mshahara na kusahau gawio, faida iliyobaki kwenye kampuni na kodi ya pango. Uzito wa sampuli husahihisha kidogo tu, kwa sababu hurekebisha kwa eneo na ukubwa wa kaya, wakati kukataa kunaendana na kipato chenyewe.

Ndiyo maana kumbukumbu za kodi zimekuwa muhimu. Mwanauchumi Simon Kuznets alizitumia kwa Marekani mwaka 1953. Thomas Piketty na Emmanuel Saez waliirudia kazi hiyo mwaka 2003 kwa miaka 1913 hadi 1998, na utaratibu huo ukakua hadi hifadhidata ya dunia ya pengo la kipato na mali, WID. Ukiwa na Gini ya utafiti wa kaya na sehemu ya kipato ya walio juu kutoka kwenye kodi, unaweza kuziunganisha. Tuseme Gini ya asilimia 99 ya chini ni 0.40, na asilimia 1 ya juu ina asilimia 15 ya kipato chote. P ni sehemu ya watu, 0.01, S ni sehemu ya kipato, 0.15:

G = 0.40 × (1 − P) × (1 − S) + S − P

Hiyo ni 0.337 + 0.14, karibu 0.48. (Kuna kipande cha tatu, Gini ya ndani ya wale walio juu mara P mara S, lakini hapa hakifiki 0.0015.) Kutoka 0.40 hadi 0.48 kwa kuongeza mtu mmoja katika kila mia ambaye utafiti haukumwona.

Data za kodi zina magonjwa yake. Anayelipa kodi si kaya: baadhi ya nchi wanandoa huwasilisha hesabu pamoja, nyingine kila mtu peke yake. Walio chini ya kiwango cha kutozwa hawamo. Na sheria ikibadilika, takwimu hubadilika hata kama maisha hayajabadilika. Mageuzi ya kodi ya Marekani ya mwaka 1986 yaliwafanya wafanyabiashara wengi kuhamishia faida za kampuni kwenye fomu zao binafsi, na sehemu ya walio juu ikaruka ghafla. Hata leo wataalamu wanavutana. Piketty, Saez na Gabriel Zucman wanaona sehemu ya kipato ya asilimia 1 ya juu nchini humo imepanda sana. Gerald Auten na David Splinter, kwa kuanzia na data zinazokaribiana, wanapata kwamba baada ya kodi na ruzuku haijapanda sana tangu miaka ya 1960. Sehemu kubwa ya tofauti yao ni namna ya kugawa kipato ambacho hakikuandikwa kwenye fomu yoyote: ni cha nani? Hakuna fomula inayojibu swali hilo, ni ushahidi wa ukaguzi wa kodi tu.

Mwaka hadi mwaka, kundi hadi kundi

Gini ya 0.412 mwaka huu na 0.405 miaka mitano iliyopita haitoshi kutangaza kwamba pengo limepanuka. Kadiria kosa la sampuli kwa kuchota upya: ndani ya kila tabaka la sampuli, chota maeneo ya kuhesabia watu kwa kurudishia (eneo moja linaweza kuchotwa zaidi ya mara moja), kokotoa Gini, rudia mara 500 au 1,000, kisha chukua thamani zilizo kwenye asilimia 2.5 na 97.5. Chota maeneo mazima. Ukichota kaya mojamoja unadhani una taarifa nyingi kuliko ulizonazo, kwa sababu majirani wanafanana.

Na hojaji isiguswe. India ilibadilisha muda wa kumbukumbu katika utafiti wa matumizi wa 1999–2000, ikiuliza chakula kwa siku 7 na siku 30 ndani ya mahojiano yaleyale. Majibu ya swali moja yakavuta ya lingine, na wachumi wakabishana kwa miaka kuhusu umaskini na pengo la kipindi kile. Kama lazima ubadilishe, toa hojaji ya zamani kwa nusu ya sampuli na mpya kwa nusu nyingine, upate daraja la kulinganishia.

Anayetaka kujua pengo linatoka wapi atumie kipimo cha Henri Theil cha mwaka 1967, kwa sababu kinagawanyika bila mabaki. Rudi kwenye nchi ya kwanza, useme 10, 20 na 30 wako vijijini, 40 na 100 wako mjini. Theil ya nchi nzima ni 0.276. Kati ya hiyo, 0.184 inatokana na tofauti ya wastani wa mji na kijiji, na 0.093 iko ndani ya makundi yenyewe (0.001 inayozidi ni ya kukadirisha desimali tu). Theluthi mbili ni pengo la mji na kijiji. Kwenye data halisi sehemu inayotokana na tofauti kati ya makundi huwa ndogo zaidi, na inakua kadiri unavyoongeza makundi, kwa hiyo usilinganishe mgawanyiko wa mikoa 8 na wa mikoa 30. Theil hii inavumilia sifuri. Ile nyingine, inayotumia logariti ya wastani gawanya kwa kipato, haivumilii, na programu nyingine huziondoa kaya hizo kimyakimya.

Lipo pengo ambalo hesabu zote hizi zinalifuta kabla ya kuanza. Kugawa kipato cha kaya kwa watu wake, kwa njia yoyote ile, ni kudhani kwamba baba, mama na watoto wanapata sawa. Kipato cha kazi, pensheni na ruzuku zina mpokeaji mwenye jina, kwa hiyo hivyo vinaweza kuandikwa kwa mtu na kupimwa kwa jinsia. Chakula na matibabu ni vigumu zaidi. Kinachowezekana ni kila mtu mzima ahojiwe peke yake, bila mkuu wa kaya kumjibia, na nguo, viatu na ada viandikwe kwa jina la aliyenunuliwa.